Siku ya Kuamsha Peve

Wenzangu mliobaki katika ofisi ile, ambayo sitaitaja jina kwa sababu wanaoijua wanaijua na wasioijua wana bahati yao: siku mliponiaga, soda zikiwa bado mezani, mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mlisema hivyo kwa adabu tu. Mimi nimelichukua kama agizo, kwa hiyo sasa mtasoma.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikalia kiti cha nani. Kiti kilikuwa kile kile, kilibadilishwa mto tu. Nitaandika juu ya jambo ambalo madereva wa Bujumbura waliniuliza miaka yote, dirishani, sokoni, na mara moja msibani kabla maiti haijatolewa nje: peve hufa au haifi? Peve ni ile karatasi ya kosa anayoandika polisi wa barabarani, nasema hivi kwa ajili ya mke au mume wa mmoja wenu atakayeisoma hii bila ruhusa. Na nitaandika juu ya mtu mmoja, Papa Wilondja, aliyengoja peve yake ife ili apate kazi, na juu ya aliyemzibia njia. Aliyemzibia njia ni mimi.

Nilianza kazi siku ya mvua. Nilitoka kwetu Buyenzi kwa miguu, viatu mkononi, nikavivaa nilipofika mlangoni. Aliyenipokea ni Melkiade, mkuu wa makarani wote wawili, mtu mrefu aliyevaa koti hata mwezi wa tisa, joto likiwa kali kabisa. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa peve moja akaniuliza ninaona nini. Nikasoma jina la dereva.

“Apana.”

Nikasoma namba ya gari.

“Apana.”

Nikasoma kosa. Akaichukua karatasi yake kama mtu aliyemwazima jirani sufuria akajuta.

“Tarehe, sha. Mbele ya yote, tarehe. Jina wanaweza kosea, mwenyewe atakuja kulia hapa dirisha na utarekebisha. Tarehe haina mudomo.”

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo sijapata la kulizidi.

Vifaa vyetu mnavijua, lakini havikuwa vizuri kama vyenu. Peve iliandikwa kwa kaboni, nakala tatu. Ya kwanza ilisomeka, ya pili ilisomeka ukiisogeza dirishani, ya tatu ilikuwa ya bluu na haikusomeka kabisa, nayo ndiyo aliyopewa dereva. Leseni ilichukuliwa palepale barabarani, ikaletwa kwetu, ikabanwa kwa pini pamoja na peve, ikatiwa katika bahasha ya kaki. Msipige pini katikati ya picha. Kuna mzee mmoja wa Bwiza anayetembea na tundu kwenye paji la uso kwa ajili yangu, na kila polisi anayemsimamisha humuuliza habari zake. Halafu kulikuwa na muhuri wa tarehe, ule wa kuzungusha kwa kidole. Uzungushe asubuhi kabla hujavua hata mtandio. Nilikosea mara moja tu, siku iliyofuata Idi, nikauzungusha siku moja pungufu, na kwa mujibu wa daftari letu madereva kumi wa mji huu walivunja sheria wakiwa wamekaa nyumbani wanakula pilau.

Sasa sheria yenyewe. Melkiade alinifundisha kwa vidole vyake, akikunja kimoja kimoja. Kosa la barabarani linaloadhibiwa kwa faini tu, kama kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa, na ambalo bado halijahukumiwa, lina muda wake. Kitabu chetu cha wakati ule kilisema mwaka mmoja tangu siku ya kosa. Mwaka ukipita na hakuna aliyefanya lolote kulifuatilia, basi, hakuna tena wa kukushtaki. Wakubwa wanaita preskripsyo. Sisi tulisema peve imekufa. Lakini ndani ya mwaka huo ofisi ikifanya tendo la kufuatilia, kwa mfano ikimwita dereva kwa barua, hesabu inarudi mwanzo na mwaka unaanza upya. Na faini iliyokwisha kuhukumiwa ni mnyama mwingine, ana muda wake mrefu zaidi, msiwachanganye hao wawili zizini. Kitabu kilicho mezani kwenu huenda kinasema vingine, maana sheria hubadilishwa, nami siku hizi nasoma mifuko ya mchele tu. Kifungueni.

Madereva walikuwa na sheria zao. Wapo walioamini peve hufa na mwaka wake, tarehe thelathini na moja ya mwezi wa kumi na mbili, pamoja na kalenda. Wengine walisema hufa gari likiuzwa. Bwana mmoja mwenye gari kubwa jeusi alikuja kunieleza kwa upole kwamba peve hufa polisi aliyeiandika akihamishwa, na kwamba yeye alikuwa amekwisha kulishughulikia hilo. Mama mmoja aliuliza kama peve ya marehemu mumewe inamhusu yeye. Nikamwambia hapana, mtu akifa peve yake inakufa naye. Akashukuru Mungu, kisha akakumbuka alikuwa amevaa nguo za msiba.

Ndipo nafika kwenye Siku ya Kuamsha. Ninyi hamkuikuta na msiulize wazee wengine, watajifanya hawakumbuki. Kila baada ya miezi mitatu, Jumatatu ya kwanza, Melkiade alifungua makabati mawili ya chuma, tukatoa bahasha zote za watu ambao hawajaja, na kwa kila bahasha tukaandika barua ya wito: “Unaombwa kufika ofisini kwetu bila kukosa.” Muhuri, saini, namba katika daftari. Hilo ndilo tendo la kufuatilia, na kwa kuandika hivyo tulikuwa tunaiamsha peve kabla haijafa. Nilikuwa naleta maandazi siku hiyo kwa sababu kazi ilikuwa ndefu.

Barua hizo zilipelekwa na Sadiki, planton wetu, tarishi mwenye baiskeli. Nilimkuta Sadiki mwaka wangu wa kwanza tu. Alijua mji nyumba kwa nyumba na alikuwa anarudi na saini za watu, na mara nyingine na ndizi. Alipostaafu aliondoka na baiskeli, kwa sababu ilikuwa yake. Melkiade aliomba planton mwingine. Akajibiwa angoje. Siku ya Kuamsha ikafika na planton hayupo.

“Tuandike tu,” alisema Melkiade. “Planton akikuya, atazipeleka zote.”

Tukaandika. Kila barua tukaitia katika bahasha ya dereva mwenyewe, nyuma ya leseni yake, tayari kwa safari. Planton hakuja. Miezi mitatu ikapita, tukaandika tena. Melkiade akastaafu naye, akaniachia funguo, daftari na Siku ya Kuamsha, na mimi nikaendelea kama nilivyofundishwa. Peve zetu zikawa zinaamka kila miezi mitatu, zinageuka upande wa pili, zinalala tena, na wenyewe huko mitaani hawana habari. Mtaniuliza kama nilijua ni vibaya. Sikuona ni uongo. Niliona ni kazi iliyofika nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa ya mtu mwingine ambaye bado hajaajiriwa. Aliyeuliza zaidi aliambiwa na Melkiade kwamba hata planton angekuwapo, watu hawana anwani. Peve inasema “Kamenge”. Kamenge si anwani, ni mtaa mzima.

Wilondja alikuja dirishani siku moja baada ya kuandikiwa peve. Alikuwa Mkongomani wa upande wa Fizi, mkimbizi, anaishi Kamenge na mke na watoto, dereva wa gari la mizigo la mfanyabiashara mmoja wa Quartier Asiatique. Umri wake wa makamo, sauti ya chini, shati la kola. Bega la kushoto la shati lilikuwa na rangi nyekundu.

“Mama, mi nalisimamisha gari pale kama kila siku,” alisema. “Hakuna kibao cha kukataza. Naingia kuchukua mizigo. Natoka, kibao kiko pale, na polisi iko pembeni yake. Naegemea kibao, nabaki na rangi. Angalia. Rangi mbichi. Kibao kimenikuta mi pale, si mi nalikuta kibao.”

Nilimwamini. Rangi haisemi uongo. Nikamwambia anaweza kulipa benki na kuchukua leseni yake mchana uleule.

“Kama nalipa, nakubali. Mi sikubali.”

Nikamwambia basi angoje aitwe ajieleze. Akafikiri, kisha akauliza lile swali.

“Iyi peve, inakufaka?”

Hapo nilikuwa katika hali nzuri, nimetoka kunywa chai, nikamweleza sheria vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu. Mwaka mmoja tangu siku ya kosa. Asipofuatiliwa, imekwisha. Akifuatiliwa kwa barua, hesabu inaanza upya. Nilimweleza sheria yote isipokuwa kabati letu. Akaniomba nimwandikie tarehe kwenye kipande cha karatasi, nikamwandikia.

Bila leseni tajiri wake akamtoa kazini. Wilondja akaanza kupakia ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye baiskeli, anazitoa Kajaga kwa wavuvi alfajiri, anazisukuma mpaka Kamenge. Nilijua hivyo kwa sababu mwezi wa tano wa kungoja kwake alikuja dirishani, akinuka ziwa, kuuliza kama hesabu yake ni sawa.

“Ni sawa,” nikamwambia.

“Hakuna barua?”

“Imekufikia barua?”

“Apana. Hakuna.”

“Basi hesabu ni sawa.”

Barua yake ilikuwa hatua sita nyuma yangu, katika bahasha yake, na nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu. Najua mnavyofikiri. Naapa sikukumbuka. Kwangu mimi barua zile zilikuwa za kabati, na Wilondja alikuwa wa dirisha. Ningegeuka tu ningempa mkononi, akaja akajieleza habari ya rangi, na pengine mambo yangekwisha siku hiyo. Hata Sadiki hakuwahi kuletewa mtu mlangoni hivyo.

Mwaka ulipotimia na siku moja juu yake, Jumatatu, nilifungua dirisha nikamkuta wa kwanza. Amenyoa, ana kipande changu cha karatasi mkononi, kimekunjwa hadi kimekuwa laini kama kitambaa.

“Mama, mi nafika. Jana mwaka umeisha. Nalingoya leo, juu ya kuheshimu sheria.”

Nilifurahi kwa ajili yake, wallahi. Katika miaka yangu yote hakuna dereva mwingine aliyengoja kwa kitabu namna ile. Akanieleza kwa nini anafurahi yeye. Masista wa zahanati moja kulekule Kamenge walikuwa wanatafuta dereva wa gari la wagonjwa. Walimtaka yeye, lakini walihitaji aje na leseni pamoja na karatasi ya ofisi yetu inayosema hana kosa lolote la barabarani. Akilipa peve, ana kosa. Peve ikifa, hana. Dereva wao wa zamani alikuwa anaondoka, na walimwambia watamngoja mpaka Jumatano.

Nikaenda kabatini, nikatoa bahasha, nikaifungua mbele yake. Leseni ilitoka. Nyuma ya leseni zikatoka barua nne za wito.

Tulizitazama wote wawili. Alinyosha mkono akachukua moja, akaisoma polepole, midomo ikisogea.

“Iyi ni jina yangu,” alisema. “Mi nilikuwa wapi banaponiita?”

Kwa bahati nzuri au mbaya, Jumatatu ndiyo siku sibustiti alipokuwa anakuja kwetu. Huyo ni mwendesha mashtaka msaidizi, kijana mpole mwenye miwani, aliyekuja Jumatatu na Alhamisi kusaini majalada. Nikampelekea bahasha, Wilondja akiwa nyuma yangu. Sibustiti akazisoma barua, akatazama tarehe zake, ambazo zote zilikuwa sahihi, maana tarehe ndicho kitu nilichokijua.

“Mama Zaina, izi konvokasyo zilitumwa?”

“Zilitumwa,” nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Halikuwa hata neno, lilikuwa kama muhuri. Nilifikiri makabati mawili, Melkiade, maandazi, miaka yote ile, na mdomo ukajibu wenyewe. Sibustiti akaandika kwamba ufuatiliaji ulikatiza muda, kwamba peve ingali hai, na kwamba dereva alipe au afike mbele ya sheria. Akanirudishia bahasha.

Wilondja hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama mlangoni akanitazama mimi, si sibustiti.

“Ile siku nakuya kuuliza, ulisema hesabu ni sawa.”

Kisha akatoka, na mimi nikapanga kalamu zangu juu ya meza, zote sita, kwa urefu.

Jumanne baada ya kazi nilikwenda kumwona Melkiade nyumbani kwake. Bado alikuwa amevaa koti. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza akinywa maziwa ya mgando, akafuta mdomo.

“Mimi nilikufundisha kuandika,” alisema. “Nilikuambia siku moja, Zaina, usitume?”

“Apana, Shefu.”

“Njo iyo. Kutuma haikuwa kazi yetu. Ilikuwa ya planton.”

“Lakini planton hakuna.”

“Ego, ndiyo. Hakuna.” Akafikiri. “Kwa hiyo hakuna mwenye kosa.”

Nilimpenda sana Melkiade, na bado nampenda, lakini nilipotoka pale nilijua nimemwuliza mtu asiyefaa. Nilikuwa nimekwenda kwake ili aniambie nilichotaka kusikia, naye akaniambia, nikaona haya. Ofisi ya sibustiti ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu. Ningeweza kumfuata Jumatano asubuhi, kabla masista hawajafika mwisho wa subira yao. Sikwenda. Nilijiambia siku yake ni Alhamisi na mambo ya kazi yafanywe siku yake. Jumatano nilifaili makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamefailiwa.

Alhamisi alipofika sikumngoja akae.

“Zile barua hazikutumwa,” nikasema.

“Zipi?”

“Zote.”

“Tangu lini?”

“Tangu Sadiki astaafu.”

“Sadiki ni nani?”

Nikamweleza Sadiki. Nikamweleza baiskeli, Siku ya Kuamsha, kila miezi mitatu. Nilimwambia kwamba Jumatatu nilimdanganya, na kwamba aliyenidanganyisha ni mimi mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, wazee wetu walisema, lakini yangu ilikuwa ndefu vya kutosha, ilianzia Jumatatu ikafika Alhamisi. Akaomba kuona makabati. Akafungua bahasha moja, ya pili, ya tano, na kila moja ilitoa barua zake kama kuku anayetaga. Akavua miwani.

“Uyu Wilondja alikuja hapa mwenyewe, dirisha. Juu ya nini hukumupa mukononi?”

Nilimwambia kwamba dirisha ni dirisha na kabati ni kabati. Akaona sitanii.

Aliandika mwenyewe, kwa mkono: barua ambayo haikutoka ofisini haimfuatilii mtu yeyote, muda haukukatizwa, peve imekwisha, leseni irudishwe, na karatasi ya kutokuwa na kosa itolewe. Makabati tuliyapangua kwa wiki nzima iliyofuata, mimi na karani mwenzangu, na zilizokufa tulizitenga na zilizokuwa hai. Zilizokuwa hai hazikujaza hata droo. Mimi nilipewa barua ya onyo. Niliistahili. Hiyo ilinifikia siku ileile, mkononi, nikaisaini.

Tangu hapo hakuna Siku ya Kuamsha, na ndiyo maana ninyi, mkiandika barua ya wito, mnatakiwa kuandika na jina la atakayeipeleka. Mmekuwa mkilalamika juu ya safu ile ya daftari. Safu ile ni Wilondja.

Nimebakiza Ijumaa. Niliomba ruhusa ya asubuhi, nikachukua leseni na karatasi mpya, nikavitia katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Ningeweza kungoja aje mwenyewe, lakini hakuwa na sababu ya kuja, maana kwa anavyojua yeye peve yake ilikuwa hai. Nikapanda basi hadi Kamenge. Peve ilisema: Anwani, Kamenge. Niliposhuka, mahali basi zinaposimama, alikuwa amekaa mama mmoja anauza ndagala juu ya gunia. Nilimwuliza kama anamjua Wilondja, mtu wa Fizi.

“Wilondja wa baiskeli? Pita apo kwa mashini ya unga, nyumba ya tatu, mulango ya bluu. Ukimukuta, mwambie anilete zingine.”

Nilihesabu nyumba tatu. Mkewe alifungua mlango, akauona mfuko wangu na makaratasi ndani yake, akauziba mlango kwa mwili.

“Haiko.”

Nyuma yake, chini ya pazia, niliona miguu miwili ya mtu aliyekaa kimya sana.

“Siyo konvokasyo, Mama,” nikasema. “Ni permi yake.”

Pazia likasogea, Wilondja akatoka. Nilimpa leseni na karatasi. Nikamwambia peve imekufa, kwamba haikuwahi kuamshwa na mtu yeyote ila sisi kwa sisi, na kwamba Jumatatu nilisema uongo mbele yake. Nikamwuliza habari za masista ingawa nilikuwa najua Jumatano imepita.

“Banapata mwengine,” alisema. “Juzi, saa ine.”

Nikamwambia anisamehe. Jibu sikuwa na haki ya kulidai. Aliifuta leseni kwa shati, akatazama picha yake, akaitia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo. Mkewe aliniletea kiti, nikakataa, akaniletea tena, nikakaa. Tulikaa hivyo watu watatu, na mimi nilikuwa na aibu ambayo sikuwahi kuwa nayo kazini, kwa sababu kazini kuna dirisha.

Mwishowe Wilondja aliuliza.

“Mama, nani anakuonyesha kwangu?”

“Nimeuliza tu. Mama mmoja anayeuza ndagala pale basi zinaposimama.”

“Ule wa gunia?”

“Huyo.”

Akatikisa kichwa polepole, akatazama nje, upande wa barabara.

“Ule iko pale tangu mi nafika Kamenge.”